Maharage Si Mboga

Kwa mama ntilie wangu pale Posta, Dar es Salaam, wali maharage ni sahani ya mtu aliyeishiwa. Hakuna anayekutamkia hivyo, ila utaona kwenye kupakua. Aliyeagiza wali nyama anapata wali, vipande vitatu vya nyama na mchuzi wake, maharage kidogo, mchicha, na kipande cha tikiti pembeni. Aliyeagiza wali maharage anapata hivyohivyo, toa nyama. Basi. Pengo la nyama halijazibwa na kitu. Mlima wa wali uko palepale, na maharage ni yaleyale vijiko vitatu, yametandazwa juu kama mapambo.

Nilikula sahani hiyo miezi minane mfululizo nikiamini najitunza.

Mwaka 2021 rafiki yangu alikuwa anaoa, nikamsindikiza mnada wa Pugu kuchagua ng'ombe. Yaliyonikuta pale ni hadithi ya siku nyingine. Itoshe kusema niliporudi mjini nyama haikupita tena kooni. Samaki nikaacha mwezi uliofuata, na hiyo ndiyo iliyoniuma, kwa sababu changu wa kukaanga wa Feri nilikuwa nampenda kuliko ndugu zangu wengine. Mayai na maziwa nikabaki navyo.

Swali likaanza siku hiyohiyo. "Sasa protini unatoa wapi?" Ofisini liliulizwa na kila mtu, hadi mlinzi wa getini, ambaye kwa maneno yake mwenyewe nyama anaila mwisho wa mwezi na sikukuu. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo bado linanichekesha: Mtanzania anayekula ugali na mlenda siku ishirini na tano za mwezi kwa sababu mfuko hauruhusu, hakuna anayemuuliza habari za protini. Anayeulizwa ni yule aliyesema kwa mdomo wake kwamba nyama hali.

Sikuwa na jibu lenye akili. Nilikuwa najibu "kwenye maharage" kwa ujasiri wa mtoto wa darasa la nne. Unakumbuka ile picha ya ukutani shuleni: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili? Kwenye vya kujenga mwili palichorwa samaki mzima, paja la kuku, yai, glasi ya maziwa, halafu chini kabisa kwenye kona, punje chache za maharage. Picha ilisema maharage yamo. Haikusema ni kiasi gani.

Mwili ulianza kunidai taratibu. Saa nne asubuhi nina njaa ya mtu aliyelima. Jumapili kwenye mpira wa mtaani, kipindi cha pili miguu inakuwa si yangu. Suruali zikaanza kupwaya; nilikuwa na kilo 66, nikashuka hadi 62 bila kukusudia. Mama yangu alipopigiwa simu ya video hakusema "umependeza", alisema "baba, unaumwa?" Nikaenda kupima. Damu haikuwa mbaya sana, lakini daktari akaniandikia nikamwone afisa lishe.

Nilitegemea karatasi yenye orodha. Nilimkuta mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza nakula nini. Nikataja. Nilipofika kwenye maharage akaninyamazisha kwa kidole, akafungua droo, akatoa bakuli la bati na kopo lenye maharage makavu.

"Nioneshe. Mchana unakula kiasi gani?"

Nikachota. Akatazama ndani ya bakuli, akanitazama mimi, akaandika kitu, kisha bila kuinua uso akasema: "Hapo hujala maharage, baba. Hapo umeonja chumvi."

Tukakaa kupiga hesabu, na nawapigia tena hapa kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa kilo 62 ni kama gramu 50. Ya mimea mwili hauichukui yote vizuri kama ya yai au nyama, kwa hiyo akaniambia nilenge 60 nisiwe na wasiwasi. Siku yangu ya kawaida ilikuwa hivi: asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili, tuseme gramu 7. Mchana wali wa kushiba, gramu 7, mchicha, 3, vile vijiko vitatu vya maharage, 5. Usiku ugali wa sembe, gramu 11 au 12, na bamia au mchicha tena, 3. Jumla 37 hivi.

Nikajitetea kwamba 37 si haba. Akasema tatizo si idadi peke yake. Angalia zimetoka wapi. Zaidi ya theluthi mbili zilikuwa za ngano, mchele na mahindi. Na protini ya nafaka ina upungufu wake. Protini zimejengwa kwa asidi amino, na tisa kati ya hizo mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza, lazima zije na chakula. Mojawapo inaitwa lisini. Nafaka zetu ni maskini wa lisini, na mahindi yamepungukiwa pia na triptofani. Mikunde, yaani maharage, kunde, choroko, dengu, mbaazi, ina lisini ya kumwaga, ila yenyewe ina methionini kidogo, ambayo nafaka wanayo. Kila mmoja ana kile ambacho mwenzake hana. Kwa hiyo nilikuwa namlisha mwenye deni na kumnyima mwenye fedha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari neno lenyewe, mboga. Kiswahili chetu cha bara kinaita mboga chochote kinachokaa pembeni ya ugali. "Leo mboga nini?" "Nyama." Hakuna anayeshtuka. Mboga kazi yake ni kushushia ugali; ndio maana mzee mmoja kijijini kwetu akisifia mchuzi alikuwa anasema umeshusha tonge kumi. Chakula ni ugali, mboga ni msaidizi. Nyama inaweza kuwa msaidizi na bado ikafanya kazi, kwa sababu imebana: gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa zina protini gramu 26 hivi, vipande vitatu vya kawaida umeshapata sehemu kubwa ya siku. Maharage yaliyoiva, gramu 100, yana 8 au 9, kwa sababu yamenyonya maji. Ukiyapa kiti kile kile cha nyama, kiti cha msaidizi, yatakuangusha. Wala si kosa lake. Umeyapima kwa kijiko cha mchuzi.

Kumbe kwetu hili lilikuwa limeshatatuliwa kabla sijazaliwa, nami nilikulia humo humo.

Mimi ni Mpare. Wasabato walifika milima ya Upare mwaka 1903, na bibi yangu mzaa mama alikuwa Msabato wa wale wa kweli, nyama hakuila tangu ujana wake hadi anazikwa. Alibeba kuni hadi alipozidi miaka sabini. Hakujua lisini ni nini. Alichojua ni makande.

Kila Mtanzania anajua makande, na Wapare tunataniwa nayo kila msiba na kila harusi, kwa hiyo sitayaeleza kirefu. Ila kuna kitu ambacho sikukiangalia nilipokuwa mtoto. Bibi alikuwa na kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo, limepondwa ubavuni. Makopo mawili ya mahindi yaliyokobolewa, kopo moja la maharage. Daima. Siku wageni wameongezeka, manne kwa mawili. Maharage yalilala kwenye maji usiku, mahindi yalitangulia jikoni alfajiri kwa sababu ni magumu zaidi, yakifika nusu ndipo maharage yanaungana nayo. Kitunguu, chumvi, wakati mwingine maziwa mwishoni. Sahani ya makande haina mboga. Huwezi kuuliza "makande na nini". Maharage yameacha kuwa msaidizi, yamekuwa chakula chenyewe.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za watafiti wa INCAP, taasisi ya lishe ya nchi za Amerika ya Kati, kule Guatemala, nchi nyingine ya mahindi na maharage. Walipochanganya kwa vipimo mbalimbali kutafuta mchanganyiko wenye protini bora, jibu likaja takriban sehemu saba za mahindi kwa tatu za maharage kwa uzito. Kopo la bibi lilikuwa limekosea kwa kijiko kimoja au viwili. Wakenya nao wana githeri yao; nayo ni undugu huohuo.

Hapa niseme jambo ili mtu asije akajitesa. Miaka ya 1970 ilienea kauli kwamba nafaka na mikunde lazima vikutane kwenye mlo mmoja, vinginevyo protini haikamiliki. Wataalamu hawashikilii tena hivyo. Ukila mihogo asubuhi na dengu jioni, mwili utapanga wenyewe, alimradi siku nzima umekula vya kutosha na vya aina mbalimbali. Neno zito hapo ni "vya kutosha". Mihogo yenyewe haina kitu. Gramu 100 za mihogo ya kuchemsha hazifikishi hata gramu mbili za protini. Anayeishi kwa mihogo anahitaji mikunde kuliko mla ugali.

Somo langu la pili lilikuwa Kisutu. Mtaa ule wa mahekalu ya Wahindu, katikati ya Dar es Salaam, una migahawa ambayo nyama haijawahi kuingia mlangoni. Nilipita nje kwa miaka nikidhani ni ya wenyewe. Siku moja njaa ikanisukuma ndani. Nikaletewa sinia la chuma na vibakuli vimepangwa pembezoni: kimoja dali ya njano, kimoja dengu nzima za mchuzi mzito, kimoja mtindi, kimoja viazi, kimoja kabichi. Katikati chapati mbili nyembamba na kilima kidogo cha wali, kidogo kweli. Nikahesabu. Vibakuli vitatu kati ya vitano vilikuwa vya kujenga mwili. Wanga ndio uliokuwa pambo! Na dali ikiisha, kijana anakuja na ndoo anaongeza bila kuuliza. Watu ambao vizazi kwa vizazi hawajala nyama hawawezi kupakua kama mama ntilie wa Posta. Wangekuwa wameshadhoofika zamani.

Nikamuuliza yule kijana dali ile ni ya nini. Akanitazama kama nimemuuliza maji ni ya nini. "Mbaazi, kaka. Zimemenywa tu, zikapasuliwa."

Mbaazi! Zile zinazolimwa Lindi, Mtwara na Babati. Mnakumbuka Agosti 2017, India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi kutoka nje kwa mwaka? Bei huku ikaporomoka vibaya. Rafiki yangu wa Nachingwea aliniambia shamba la baba yake halikuvunwa, kibarua cha kuvuna kilikuwa ghali kuliko zao lenyewe. Tulikuwa tunalima protini ya watu wengine, na wao walipofunga mlango hatukujua tuipeleke wapi, wala haikutujia kwamba ingeweza kupelekwa sufuriani. Nawatoa hapo watu wa Pwani. Mbaazi za nazi na mahamri asubuhi ni kifungua kinywa ambacho hakihitaji afisa lishe akikague. Tanga na Mombasa wanajua.

Majina, kabla sijasahau, maana nimeshaingia kwenye ugomvi. Choroko za Tanzania Mkenya anaziita ndengu, na dengu zetu ni kitu kingine kabisa. Njugu za Nairobi ni karanga. Njugu mawe za Dodoma si karanga. Mtu akikutumia mapishi kwenye simu, muulize kwanza yuko upande gani wa Namanga.

Sasa jikoni. Kinachowafanya watu wa mjini wasile maharage ya kutosha, kwa maoni yangu, si ladha wala aibu. Ni mkaa. Saa mbili za moto kwa sufuria moja, nani ana moyo huo saa moja usiku akitoka kwenye daladala? Nimejaribu njia nyingi, niliyobaki nayo ni hii: Jumamosi usiku naloweka kilo nzima, Jumapili asubuhi namwaga yale maji, naweka mapya, nachemsha kwenye presha kuka, nagawa kwenye vikopo vitano, kimoja friji, vinne friza. Kila siku ninayotaka, naunga kwa dakika kumi. Kumwaga maji ya kulowekea kunapunguza zile sukari ambazo tumbo haliwezi kuzimeng'enya hadi zifike kwa bakteria wa utumbo mpana, na kinachofuata wote tunakijua. Wenzangu ofisini wanashukuru.

Magadi sitii. Yanalainisha haraka, kweli, lakini yanaua vitamini B1. Na kuna ujanja nauona siku hizi wa kutumbukiza maharage kwenye chupa ya chai yenye maji moto usiku kucha ili kubana mkaa. Kwa maharage mekundu, tafadhali, yakishalowekwa yatokote kwanza kwelikweli, nusu saa hivi. Yana sumu ya asili inayoharibika kwa kutokota tu. Joto la uvuguvugu haliitoi, na punje chache zisizoiva zinatosha kukutapisha usiku mzima.

Bei? Wakati naandika haya, sokoni Mabibo kilo ya maharage ya njano nilinunua 3,200, na bucha la jirani kilo ya nyama lilikuwa 11,000. Kilo ile ya maharage makavu ina protini zaidi ya gramu 200, sawa na kilo ya nyama mbichi au zaidi kidogo. Sihubiri. Nataja bei tu.

Karanga zimenisaidia kuliko nilivyotarajia. Konzi moja, gramu 30 hivi, ina gramu 7 za protini, na ndiyo iliyomaliza ile njaa ya saa nne. Lakini uzichambue. Iliyojikunja, yenye weusi au ukungu, iliyo chungu mdomoni, tupa, usiionee huruma. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga ni rafiki mkubwa wa kuvu huyohuyo. Karanga za unga zilizosagwa tayari sinunui tena, sijui kilichoingia kinuni. Nasaga mwenyewe, naunga kisamvu. Kisamvu chenyewe, kati ya majani yetu, ndicho chenye protini ya kuonekana. Mchicha ninaupenda lakini ni maji na madini. Kitwangwe na kuchemshwa sawasawa, hilo kila mama anajua. Nyama ya soya, zile vipande vikavu vya kwenye pakiti, zina protini nyingi ajabu. Mimi huzila nikikosa kingine. Ukikosea kuziunga unatafuna sponji.

Wanaoacha hata mayai na maziwa wana jambo moja la ziada, nalo si protini. Vitamini B12 haimo kwenye mimea, na ini linaweza kuweka akiba ya miaka, kwa hiyo unaweza kujiona mzima huku akiba inakwisha. Meza vidonge, usibishane. Na madini chuma ya kwenye maharage na mboga za majani yanapenda kuliwa na limau au nyanya, na hayapendi chai. Hili liliniuma, mimi ni mtu wa chai juu ya kila kitu. Sasa nasubiri saa moja baada ya kula, na hiyo saa huwa ndefu.

Mama ntilie wa Posta tumefikia makubaliano, ingawa haikuwa rahisi. Siku ya kwanza nilimwambia, "Dada, wali nusu, maharage upawa mbili." Akadhani nataka kupunguziwa bei. Nikasema hapana, nalipa ileile elfu mbili, na yai la kuchemsha juu nalilipia. Akashika upawa hewani, akageuka kwa msaidizi wake: "Huyu kaka anakula mboga kama chakula." Msaidizi akacheka. Walicheka wiki nzima. Uzito umerudi hadi 65, na mwaka huu nimeanza kumaliza dakika tisini, ingawa timu yetu bado inafungwa.

Desemba nilikwenda Same. Mama alikuwa ameshajua, nilimweleza kwenye simu zaidi ya mara tano, na bado nilipofika kuku alikuwa amefungwa mguu kwenye mti wa mwembe akinisubiri. Nikasema, "Mama, shikamoo, huyo mfungulie." Hakufurahi. Alizunguka uani, akaingia stoo, akatoka, akasimama mlangoni na lile kopo la marehemu bibi mkononi, limejaa maharage hadi ukingoni, mahindi yalikuwa yanachemka tangu alfajiri.

"Sasa mwanangu," akasema, "umesafiri njia yote hiyo, utakula nini hapa?"